Jibu la mnato limekataa: soma kosa kwa uwiano wake

Jioni moja kijana niliyewahi kumfundisha alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Nina pampu hapa, oili inatoka kidogo. Nimepiga hesabu, inasema inataka presha ya bar 5 kusukuma oili mita 30 tu. Bosi anataka kuagiza mota kubwa zaidi."

Nikamuuliza ni oili gani. Ya haidroliki, daraja la VG 68, joto 40 °C, bomba la inchi 2, lita 100 kwa dakika. Nikachukua kalamu. Kwa mnato wa oili hiyo, yaani ukaidi wake wa kutiririka, presha inayopotea kwenye bomba hilo ni kama bar 0.157, basi. Nikamwambia agawe jibu lake kwa langu. Lake lilikuwa 5.05.

"Thelathini na mbili nukta mbili, mwalimu."

Ugonjwa ukawa umejitaja jina wenyewe. Sikuhitaji kuona karatasi yake ili kujua alichokosea, kwa sababu kosa la kubadili vipimo vya mnato huacha unyayo. Ukichanganya ratili na ratili, unyayo ni 32.2. Ukichanganya futi na inchi, ni 144. Ukisahau saa, ni 3,600. Kwa hiyo usianze kurudia hesabu nzima kutoka juu hadi chini. Tafuta uwiano kati ya jibu ulilopata na jibu linaloelekea kuwa kweli, halafu soma hapa chini ni nani mwenye mguu wa ukubwa huo.

Anza na maji

Ili upate uwiano unahitaji kitu cha kulinganisha nacho, na bora kuliko vyote ni maji. Mnato wa dinamiki ni ukaidi wa kimiminika pale tabaka moja linapoteleza juu ya jingine, na maji ya 20 °C yana ukaidi wa milipaskali-sekunde 1.002. Ukisema 1 hakuna atakayekudai. Maji hayohayo yakivalishwa vipimo mbalimbali yanasomeka hivi (lbf ni ratili ya kani, lbm ni ratili ya tungamo, tofauti yake inakuja; ft ni futi, in ni inchi, h ni saa):

1.002 mPa·s, sawasawa na sentipoizi 1.002 (cP)
0.001002 Pa·s
0.01002 P (poizi)
2.09 × 10⁻⁵ lbf·s/ft²
6.73 × 10⁻⁴ lbm/(ft·s)
2.42 lbm/(ft·h)
1.45 × 10⁻⁷ lbf·s/in², kipimo ambacho watu wa beringi hukiita reini

Poizi imetokana na jina la Poiseuille, daktari Mfaransa aliyezaliwa 1797 na kufa 1869, ambaye alitaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa myembamba. Reini ni ya Osborne Reynolds, yule wa namba ya Reynolds inayotuambia kama mtiririko ni tulivu au wa vurugu. Mmoja alikuwa anawaza mishipa, mwingine mabomba, na sisi tumerithi vipimo vya wote wawili.

Weka maji kwenye karatasi yako ya mahesabu mahali pa oili, kwa kipimo kilekile ulichoanza nacho. Likitoka jibu tofauti na la kwenye orodha, gawa ulichopata kwa kinachotakiwa. Uwiano ukiwa chini ya 1, gawa 1 kwa huo uwiano ili uweze kuutambua, ila kumbuka kwamba ulipunguza mahali pa kuzidisha. Na usikate desimali mapema. Utaona baadaye kwa nini 1,035 na 1,000 ni wagonjwa wawili tofauti.

Kuna mtego mmoja ambao kipimo cha maji peke yake hakiuzuii. Maji kwa lbf·s/ft² ni 2.09 × 10⁻⁵. Hewa ya 20 °C kwa Pa·s ni 1.81 × 10⁻⁵. Namba hizo zinafanana kiasi kwamba mtu akiona 2.09 × 10⁻⁵ kwenye jedwali la Kimarekani huipeleka moja kwa moja kwenye fomula ya Pa·s bila kushtuka, maana jicho lake limezoea kuona namba ya ukubwa huo. Hapo maji yake yanatiririka kama hewa na namba ya Reynolds inapanda karibu mara 48. Ukiona uwiano wa 47.9, hukubadili chochote, ulinakili tu.

Uwiano ni 32.2, au 386, au 1,035

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na mimi mwenyewe nimeanguka hapa zaidi ya mara moja.

Sokoni ukimwambia muuza samaki akupimie kilo moja, hajali kama unataka tungamo la samaki au kani ambayo samaki anaivutia sahani ya mizani. Kwa nguru wa chakula cha jioni haina maana. Lakini kwenye vipimo vya kimetriki tumeweka ukuta kati ya vitu hivyo viwili: tungamo ni kilogramu, kani ni nyutoni. Waingereza na Wamarekani hawakuweka ukuta huo. Ratili, ambayo wengi siku hizi huiita paundi, ni jina la tungamo na pia ni jina la uzito wa tungamo hilo. Tangu 1959 ratili ya tungamo ni kilogramu 0.45359237 kamili. Ratili ya kani ni uzito wa tungamo hilo kwenye mvutano sanifu wa dunia, yaani mchapuko wa 9.80665 m/s², ambao kwa futi ni 32.174 ft/s². Namba 32.2 inatoka hapo.

Mnato unaweza kuandikwa kwa njia zote mbili, na kila njia ina kizidishi chake:

lbf·s/ft² zidisha kwa 47.88 upate Pa·s
lbm/(ft·s) zidisha kwa 1.488 upate Pa·s

Huna haja ya kukariri. Ya pili ni 0.45359237 gawanya kwa 0.3048, basi. Ya kwanza ni 4.44822, ambazo ni nyutoni zilizomo ndani ya ratili moja ya kani, gawanya kwa 0.092903, ambazo ni mita za mraba zilizomo ndani ya futi moja ya mraba. Na 47.88 ukiigawa kwa 1.488 unarudi kwenye 32.17.

Shida ni kwamba vijitabu vingi haviandiki lbf wala lbm. Vinaandika "lb" tu na kukuachia kazi. Angalia sekunde iko wapi. Sekunde ikiwa juu ya mstari na futi ikiwa ya mraba, ratili hiyo ni ya kani: tumia 47.88. Sekunde ikiwa chini pamoja na futi moja isiyo na mraba, ratili ni ya tungamo: tumia 1.488. Kipimo hakiwezi kuwa mnato kwa namna nyingine, kwa hiyo kanuni hii haikosei hata mwandishi wa kijitabu akiwa mvivu.

Kijana wangu alikuwa na kijitabu kilichoandika 0.0393 lb/ft·s. Sekunde iko chini, futi haina mraba, ni tungamo. Ilibidi azidishe kwa 1.488 apate 0.0585 Pa·s. Lakini kwenye programu ya simu aliona majina mawili marefu yanayofuatana, yote yakianza na ratili, akabonyeza la juu. Akapata 1.88 Pa·s. Gliserini safi kwenye 20 °C ina kama 1.41. Yaani kwa hesabu yake oili ya haidroliki iliyopashwa hadi 40 °C ni nzito kuliko gliserini, wakati pipa liko mbele yake na angeweza kuchovya kijiti akaona inavyochuruzika. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba mkono ni geji, na mara nyingi kijiti kilichochovywa kinatosha kukataa jibu la kompyuta.

Utakutana pia na ndugu wawili wasiotembelea sana pande zetu. Slagi ni kipimo cha tungamo kilichobuniwa ili fomula za kani zisihitaji 32.2, mnato kwa slug/(ft·s) unatumia 47.88 vilevile. Paundali ni kipimo cha kani cha upande wa pili, na poundal·s/ft² hutumia 1.488. Ndiyo, slagi ina sekunde chini lakini inafuata 47.88, na paundali ina sekunde juu lakini inafuata 1.488. Kanuni ya sekunde ni ya "lb" isiyo na jina kamili. Kama kijitabu kimejitambulisha kwa jina, kiamini.

Wakati mwingine 32.2 hujitokeza ingawa mnato umeubadili vizuri. Hapo kagua densiti. Kwenye namba ya Reynolds, densiti na mnato lazima viwe vya nyumba moja. Mnato ukiwa lbm/(ft·s), densiti ya maji ni 62.4 lbm/ft³. Mnato ukiwa lbf·s/ft², densiti ni slagi 1.94 kwa futi ya ujazo. Ukioanisha 62.4 na mnato wa kani, unazalisha 32.2 mwenyewe bila msaada wa kijitabu.

Kazi ikiwa ya inchi badala ya futi, kosa hilohilo linavaa 386, kwa sababu mvutano wa dunia kwa inchi ni 386.09. Na ukipata 1,035, ni 32.17 mara 32.17: ulizidisha mahali ulipotakiwa kugawa. Huyu ni hatari kwa kuwa anafanana na 1,000, na mtu mwenye haraka atasema "aa, nimesahau mili" na kusogeza nukta. Jibu lake litabaki na kosa la asilimia tatu na nusu, dogo kiasi cha kufichika milele. 1,000 kamili ni nukta ya desimali. 1,035 ni ratili.

Yuko pacha mwingine. Ukigawa kwa 1.488 badala ya kuzidisha, kosa ni 1.488 mara 1.488, yaani 2.215. Ratili zilizomo ndani ya kilo moja ni 2.205. Nimeona mtu akihangaika saa nzima kutafuta kilo aliyoisahau, kumbe alibonyeza kugawa.

Uwiano ni 10, 100 au 1,000 kamili

Haya ni makosa ya nyumbani kwetu, upande wa kimetriki. Poizi moja ni 0.1 Pa·s, kwa hiyo 10 maana yake ulidhani poizi na paskali-sekunde ni kitu kimoja. 100 ni sentipoizi iliyosomwa kama poizi. 1,000 ni sentipoizi iliyoingizwa kama Pa·s. Sentipoizi na milipaskali-sekunde ni sawa kabisa, hakuna cha kubadili kati yake.

Kama uwiano ni 9.81 na si 10, rudi kwenye kitabu. Huenda kimetumia kilogramu ya kani, kgf·s/m², kama vitabu vingi vya zamani vya ufundi vya Ulaya bara.

Kwa wenzetu wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura: kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa inatumia mkato mahali pa nukta. Kizidishi 1,488 kilichoandikwa huko ni moja na ushei. Faili hilohilo likifunguliwa Nairobi linaweza kusomwa elfu moja mia nne na themanini na nane. Uwiano unakuwa 1,000 na mnalaumiana bure.

Uwiano ukiwa namba ya kutisha, kama 10 kwa kipeo cha 10, angalia kichwa cha safu kwenye jedwali. Majedwali mengi ya Kimarekani huandika juu ya safu "μ × 10⁵" (μ ni alama ya mnato) na chini yake 2.344. Maana yake ni kwamba mnato umekwisha kuzidishwa kwa 10⁵ ndipo ukaandikwa 2.344; wewe unatakiwa kuurudisha, 2.344 × 10⁻⁵. Anayezidisha tena anaondoka na maji magumu kuliko lami.

Uwiano ni 144, 12, 3,600 au 60

144 ni inchi za mraba ndani ya futi ya mraba: ulichanganya reini na lbf·s/ft². Reini moja ni 6,894.76 Pa·s, namba ileile ya kubadili psi, ratili ya kani kwa inchi ya mraba, kuwa paskali, kwa hiyo ukijua presha umeijua reini. Ni kubwa mno kwa oili ya kawaida, ndiyo maana utaona maikroreini. Moja ni 6.895 mPa·s, na ile oili ya 0.0585 Pa·s ni maikroreini 8.48.

12 ni lbm/(in·s) iliyosomwa kama lbm/(ft·s).

3,600 ni saa. Wahandisi wa vibadilisha joto wa Marekani walipenda lbm/(ft·h) kwa sababu joto lao lote linahesabiwa kwa saa. Sentipoizi moja ni 2.419 za kipimo hicho. Maji yakikuonyesha 2.4, ujue uko huko.

60 kwa kawaida haitokani na mnato. Ni mizunguko kwa dakika iliyoingia kwenye fomula ya beringi inayotaka mizunguko kwa sekunde.

Jibu linakaribia, ila halifiki

Makosa makubwa yanapiga kelele. Madogo yanapita kimya hadi mtambo uwashwe, na mengi yanatokana na mambo matatu.

La kwanza ni kuchukua mnato wa kinematiki kama wa dinamiki. Wa kinematiki ni wa dinamiki uliogawanywa kwa densiti. Hupimwa kwa mm²/s, au sentistoksi, ambazo ni kitu kilekile. VG 68 kwenye pipa la oili ni sentistoksi 68 kwenye 40 °C, wala si sentipoizi. Densiti ya oili hiyo ikiwa 0.86 ya ile ya maji, sentipoizi ni 58.5. Ukiingiza 68 umezidisha kwa kiasi cha 1.16. Uwiano wa kosa hili ndio densiti ya kimiminika chenyewe, au kinyume chake, kwa hiyo kwa gliserini utapata 1.26. Kwa maji utapata 1 na hutaona kosa lolote. Ndiyo maana nilisema anza na maji, sikusema ishia na maji. Ukimaliza maji, pitisha na oili.

Kwa futi, ft²/s moja ni sentistoksi 92,903. Ukiizidisha ft²/s kwa densiti ya lbm/ft³ unapata lbm/(ft·s), mnato wa tungamo. Anayeiita ya kani amerudi kwenye 32.2.

Na kama densiti uliitoa kwenye ratili kwa galoni, tazama galoni ya nani. Ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Kimarekani ni 3.785. Uwiano wa 1.2 ni galoni.

La pili ni joto, na hapa huwa naomba watu watulie kidogo, kwa sababu joto halina kizidishi cha kudumu. Jedwali la Kimarekani mara nyingi limeandika mnato wa maji kwenye 60 °F, ambayo ni 15.6 °C: 2.34 × 10⁻⁵ lbf·s/ft², yaani 1.12 mPa·s. Maji ya tangi la juu ya paa Dar es Salaam au Mombasa yana 30 °C bila taabu, na mnato wake ni kama 0.80. Umebadili vipimo bila kosa hata moja na bado umezidisha kwa 1.4.

Oili ni mbaya zaidi. VG 68 ya kawaida inashuka kutoka sentistoksi 68 kwenye 40 °C hadi kama 8 au 9 kwenye 100 °C. Sasa fikiria karatasi ya zamani iliyoandika mnato "at 100" bila herufi. 100 °F ni 37.8 °C, karibu na joto la mwili wa mtu. 100 °C ni maji yanayochemka. Kosa la kuchanganya hizo mbili ni mara nane au zaidi, na hakuna kizidishi chochote kwenye orodha yako kitakachofanana nalo. Ukiona uwiano wa 8 au 9 usioeleweka, tafuta herufi F.

Wanaotumia mafuta ya nazi wanalijua hili bila hesabu: chupa iliyoganda asubuhi ya baridi inamiminika mchana, kwa tofauti ya nyuzi chache kuzunguka 24 au 25. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto ili mafuta yasishuke chini ya 50 °C, kwa kuwa yana nta nyingi. Kipenyo chake hutajwa kwa inchi, 24, na joto kwa selsiasi. Hata mradi wa karne hii haujawahama Waingereza kabisa.

La tatu ni lile pacha la 2.215, tumelimaliza.

Karatasi inataja sekunde tu

"Oili ya sekunde 150." Sekunde si mnato. Ni muda ambao kiasi fulani cha oili kinachukua kutoka kwenye tundu dogo la chombo cha kupimia. Kwa Saybolt, chombo cha Kimarekani, ni mililita 60. Kwa Redwood, cha Kiingereza, ni mililita 50 na tundu lake ni jingine, kwa hiyo sekunde za huyu si sekunde za yule. Vyote vinapima mnato wa kinematiki, na hakuna kizidishi kimoja kinachofaa kote.

Sekunde za Saybolt zikizidi 100, zidisha kwa 0.220, kisha toa jibu la 135 iliyogawanywa kwa sekunde zilezile. 150 inakupa sentistoksi 32, kwa hiyo "oili ya 150" ya mafundi wa zamani ndiyo VG 32 ya leo. Kwa Redwood namba 1 zinapozidi 100, zidisha kwa 0.247, toa jibu la 50 iliyogawanywa kwa sekunde. Baada ya hapo zidisha kwa densiti ndipo ufike kwenye sentipoizi.

Bandarini kuna mtego mtamu. Mafuta mazito ya meli ya daraja la 180 wazee waliyaita "ya sekunde 1,500", na ya 380 "ya sekunde 3,500". Chukua 1,500 uiweke kwenye fomula ya Redwood: unapata kama sentistoksi 370. Mtu anasema, kumbe ni 380! Hapana. Sekunde 1,500 zilipimwa kwenye 100 °F, na 180 inapimwa kwenye 50 °C. Kwa zile nyuzi kumi na mbili za tofauti mafuta hayo yanapoteza nusu ya mnato wake. Fomula haikukosea, na jina la daraja halikukosea. Waliopima walisimama kwenye joto tofauti.

Excel inaonyesha sifuri

2.09 × 10⁻⁵ kwenye seli ya desimali mbili inaonekana 0.00. Namba ipo ndani, ila macho hayaioni, na mtu anaifuta akidhani fomula imevunjika. Weka muundo wa kisayansi. Pia usitafute mnato kwenye amri ya CONVERT. Presha, kani na urefu vimo, mnato haumo. Mimi huandika kizidishi kwenye seli yake peke yake, na kando yake jina kamili la kipimo pamoja na herufi f au m baada ya lb. Herufi hiyo moja imeniokoa kuliko programu zote za simu.

Uwiano hautulii

Kila ukipima unapata mnato mwingine, na kila ukigawa uwiano ni mpya. Acha vipimo, angalia kimiminika. Uji ulioachwa kwenye sufuria na uji unaokorogwa kwa nguvu hauna ukaidi mmoja. Rangi ya ukuta hivyohivyo, na mchuzi wa nyanya. Vitu hivi hulainika vinapokorogwa, kwa hiyo sentipoizi zake hazina maana bila kutaja kasi. Kama mashine ya kupimia ni ya mchi unaozunguka, andika namba ya mchi na mizunguko kwa dakika kando ya jibu, kisha ndipo ubadili. Ukibadili 3,000 cP kuwa 2.016 lbm/(ft·s) umefanya sawa, lakini aliyeko upande wa pili hatajua ulikoroga kwa kasi gani.

Uwiano ni 1 na pampu bado inagoma

Kijana alirekebisha: 0.0585 Pa·s, namba ya Reynolds kama 594, mtiririko tulivu, bar 0.157. Maji yalipita sawa, oili ikapita sawa. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza mwanzoni: "Sasa mwalimu, mbona oili inatoka kidogo?"

Nikamwambia afungue chujio la upande wa kuvuta. Kesho yake alinitumia picha. Lilikuwa limejaa nyuzi za tambara la kufutia mikono.